Siku Nilipopata Laini Ndefu Kuliko Wote

Nitaanza na aibu yenyewe msije mkasema nimeificha: mimi Njoroge wa Mabati, mwenye karakana Gitothua na wafanyakazi kumi na mmoja, nilibebwa mabegani na watu wangu mwenyewe mchana kweupe, kutoka machimbo ya mawe mpaka mbele ya soko la Ruiru, nikiwa na suruali ya mguu mmoja, watu wakiimba kwamba nimeshinda, na katika umati ule wote ni wachache sana tuliojua kwamba nimeshindwa. Habari hii inasimuliwa na wengi (bibi yangu ndiye mbaya zaidi), na kila mmoja huongeza chumvi yake, kwa hivyo ni afadhali niiandike mwenyewe vile ilivyokuwa.

Kwanza mnijue. Nilianza na koroboi, nikizitengeneza kwa mikebe ya mafuta ya kupikia niliyookota, kisha nikaenda kwa majiko, kisha masanduku ya watoto wa bweni, wilbaro, milango, mageti. Ukipita Ruiru au hata Ngoingwa kule Thika ukaona geti jekundu lenye mananasi mawili ya chuma juu, hilo ni langu, hakuna mwingine anayeweza kuyakunja yale majani. Shule niliachia darasa la nne, katika shule ya msingi ambayo iko hapo hapo nyuma ya karakana yangu, kwa sababu mama hakuwa na uwezo, na asubuhi moja nikaambiwa nichukue mfuko wangu niende. Sikusoma, lakini waliosoma huja kwangu kuniuliza bei.

Sasa, miaka ile ya mwisho ya tisini, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza mtaani kwetu kununua televisheni ya rangi na deki ya kanda. Jioni majirani walikuwa wanajaa sebuleni mpaka bibi yangu, Mama Njeri, anakosa pa kupita na chai. Na shemeji yangu Wambui, ambaye ni muuguzi Uingereza, alikuwa anaturekodia vipindi vya huko anatutumia kanda. Siku moja akatuma kanda tatu za kipindi kimoja ambacho hatujawahi kuona mfano wake.

Walikuwa watu wanane, na Wambui aliandika kwenye barua kwamba wote ni watu maarufu kwao: mwimbaji, mwanamke wa kusoma habari, mcheza mpira aliyestaafu, sijui nani mwingine. Sisi hatukumjua hata mmoja, lakini tulipoambiwa ni maarufu tukaanza kuwaheshimu. Walikuwa wametupwa kisiwani bila chakula, wajitafutie wenyewe, na kila baada ya siku tatu kila mmoja anaandika jina la mwenzake kwenye karatasi, anayeandikwa na wengi anafunga mzigo wake anaenda. Atakayebaki mwisho ndiye mshindi.

Kitu kilichotushika si kuwaona wakila wadudu. Ni kumwona mtu mwenye pesa na jina akikaa siku nne bila kuoga, akigombania kiazi na mwenzake, na yule mcheza mpira akilia kwa sababu mvua imemnyeshea. Mimi nilinyeshewa miaka sita katika kibanda cha karatasi za nailoni na hakuna mtu aliyekuja kunipiga picha. Nilikuwa nawaangalia nikijiambia, hawa leo wameanza darasa la kwanza katika shule ambayo mimi nilimaliza zamani.

Lakini pia kipindi kile kilikuwa kinanichoma roho. Mwenye bidii ndiye aliyekuwa anafukuzwa kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja wa kupasua kuni, mtu wa kazi kabisa, wakamtoa eti anakoroma, na dada mmoja wa kulala mchana kutwa akabaki (niliirushia televisheni ndara). Na wale wanaoshika kamera, wao walikuwa wanakula nini? Hatukuonyeshwa. Mama Njeri alisema lazima kuna sufuria ya wali nyuma ya ile miti. Na lililonimaliza ni hili: tulipofika siku ya mwisho, wamebaki wawili, kura zimehesabiwa, mtangazaji amefungua mdomo, rekodi ikakatika. Akaja mzungu wa kipindi kingine anapogoa maua. Nilimwandikia Wambui barua siku iyo hiyo. Alijibu baada ya mwezi na nusu kwamba hakumbuki nani alishinda, siku hiyo alikuwa kazini.

Basi mimi nikawa na wimbo mmoja tu: ningewekwa pale mimi, ningewamaliza wote. Niliusema karakanani, niliusema kanisani, niliusema kwa kinyozi. Mama Njeri aliponichoka akasema mbele ya wageni, "Wewe ambaye hujui sukari ya nyumba hii inakaa wapi?" Watu wakacheka. Na hapo ndipo niliposema nitawaonyesha.

Nafasi ikaja kupitia kwa Mwalimu Gachanja, mwalimu mkuu wa ile shule yangu ya zamani. Alikuwa na darasa jipya ambalo kuta zimefika juu na mabati hakuna, akaitisha mkutano wa wazazi tupange harambee. Nikasimama nikawaambia harambee za kukaa kwenye viti na kusoma majina watu wamezichoka. Tuchukue watu wanne wanaojulikana hapa kwetu, tuwaingize kwenye shimo la machimbo siku nne, watu walipe kiingilio wasimame juu wawaangalie, na kuanzia siku ya pili, kila siku wampigie mmoja kura atoke. Wakauliza mshindi atapata nini. Nikasema, jina lake liandikwe juu ya mlango wa hilo darasa.

Sitawadanganya, hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Si harambee, si televisheni. Nilikuwa nalala nikiliona: JOROGE, bila N (hivyo ndivyo nilivyokuwa naandika nikiwa mdogo), halafu naamka nairudisha hiyo N mahali pake na kulisoma tena, juu ya mlango wa shule iliyonipa mfuko wangu ikaniambia niende.

Wale watatu wengine hawakuwa watu wadogo. Kulikuwa na Okoth, aliyekuwa golikipa wa timu ya kiwanda kimoja Thika, wote tukimwita Kufuli. Kulikuwa na Mburu, anayepiga gitaa na kuimba kwenye baa siku za wikendi. Na kulikuwa na Zainabu kutoka Majengo ya Thika, mama wa kushika kipaza sauti kwenye harusi, iwe ya Waislamu au ya Wakristo, hakuna bibi harusi wa Thika na Ruiru ambaye hajatangazwa na Zainabu. Na mimi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo niliharibu. Mwalimu alitaka kura za karatasi. Nikakataa. Nikamwambia nusu ya watu wetu hawapendi kuandika, na karatasi unaweza kuichezea, lakini mtu akisimama kwenye laini unamwona kwa macho yako, tufanye mlolongo kama ule wa uchaguzi wa themanini na nane. (Ukweli ni kwamba nilitaka kuona nani ananipenda na nani hanipendi. Sanduku halikuonyeshi sura ya mtu.) Mwalimu alikunja uso, akasema mlolongo uliwaachia watu kidonda katika nchi hii. Nikamwambia hii si siasa.

Akaniuliza kwa upole, "Mzee Njoroge, watu wapange laini nyuma ya anayebaki ama nyuma ya anayetoka?"

"Anayetoka," nikasema. "Tufuate kanda."

"Watu wetu hawajazoea hivyo."

"Mwalimu, wewe funza watoto. Watu wazima niachie mimi."

Hapo ndipo mwisho wangu ulipoanza, na sikusikia hata mlio. Kwa sababu wiki nzima nilizunguka nikiwaambia watu wafike. Niliwaambia wafanyakazi, wateja, watu wa kanisa, mpaka waliopanga nyumba zangu, kwamba Jumapili nitakuwa chini pale nikiangalia, nataka kujua ni nani ananijali. Jambo la kupanga wapi sikuligusa, maana mimi nilikuwa nalijua.

Machimbo yenyewe yako nje kidogo ya mji. Ni shimo la kuchonga mawe ya kujengea lililoachwa, kina chake kama nyumba ya ghorofa mbili, kuta zimenyooka kama mkate uliokatwa, na chini kuna bwawa na mikaratusi michache. Njia ya kuingia ilikuwa ngazi moja ya chuma niliyoichomelea mimi, na Mwalimu akaandika sheria kwenye daftari tukatia sahihi: atakayepanda ngazi kabla ya wakati wake, kwa sababu yoyote ile, ametoka. Tulipewa sufuria moja, panga moja, mahindi makavu na njiti tatu za kiberiti. Tukashuka Jumamosi asubuhi, watu wakitupigia makofi.

Njiti nilichukua mimi, nani mwingine, mtu aliyeuza majiko maelfu. Ya kwanza ikazimwa na upepo. Ya pili ikashika, lakini kuni za mkaratusi zilikuwa mbichi, zikatoa moshi zikakataa. (Karakanani sisi tunawasha na mafuta taa. Sikuwa nimefikiria hilo.) Zainabu alikuwa amekaa juu ya jiwe ananiangalia.

"Kumbe wewe kazi yako kuuza tu," akasema.

Akanyoosha mkono nikampa njiti ya mwisho. Akachambua magome makavu ya mikaratusi, akachana uzi kutoka pindo la leso yake, na baada ya dakika tano mahindi yalikuwa yanatokota. Kufuli na Mburu wakasogea upande wake wa moto. Watazamaji huko juu walicheka, na nikajua kwamba kufikia jioni kila nyumba ya Gitothua itakuwa imeambiwa.

Jumapili asubuhi nikataka kurudisha heshima. Niliona kambare akipinduka kwenye lile bwawa, nikamfuata na shati kama wavu, na ule udongo wa machimbo ni kama sabuni, nikaenda chini mzima mzima. Nilipotoka nilivua suruali nikaianika karibu na moto, nikakaa na shati la Mburu limefungwa kiunoni, na nilipokuja kugeuka mguu wa kushoto wa suruali ulikuwa umeungua mpaka juu ya goti. Nikaivaa vivyo hivyo, ningefanya nini. Na wakati huo wote juu yetu kuna akina mama wanauza mahindi ya kuchoma, harufu inashuka moja kwa moja shimoni, na watu wanatafuna wakituangalia na kuelezana jinsi wangefanya vizuri kutushinda. Nikawakumbuka wale maarufu wa kwenye kanda. Nikaelewa kwa nini yule mcheza mpira alilia.

Watu walipotoka kanisani ukingo wote ukajaa. Kila mmoja wetu alikuwa na wakala wake wa kusimama juu na alama yake, kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Wakala wa Kufuli alivaa glavu, wa Mburu alishika gitaa, dada yake Zainabu aliinua leso. Na wangu alikuwa Kimani, msimamizi wa karakana, ambaye aliileta ile picha yangu kubwa ya sebuleni, yenye fremu, niliyopigwa studio nikiwa na suti. Mwalimu akatangaza sheria kwa kipaza sauti, mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu. Namtolea ushahidi hapo, alitangaza. Lakini mtu akiona picha ya mtu wake imeinuliwa, na amekuja akijua amekuja kumsimamia, masikio yake hayana kazi tena.

Wafanyakazi wangu kumi walikuwa wa kwanza. Wakapanga laini nyuma ya picha yangu, wamenyooka kama askari. Nikafikiri labda wanapanga tu kwanza wakae pamoja. Halafu wakaja wapangaji wangu. Halafu kwaya nzima ya kanisa, na sare. Nikaanza kuwapungia mikono yote miwili, ondokeni, ondokeni hapo, na wao wakanipungia mikono yote miwili. Nilipiga kelele, lakini katika lile shimo sauti inazunguka kwenye kuta inakurudia mwenyewe. Kadiri nilivyoruka ndivyo walivyoimba, Kimani akainua picha juu zaidi ili nione kwamba kazi inafanyika.

Kisha nikaona wilbaro, mojawapo ya zile ninazotengeneza, inasukumwa katikati ya watu, na ndani yake kuna mama yangu, umri wake wakati huo umepita themanini, amefungwa kitambaa cheupe kichwani, analetwa kuniunga mkono. Wakampisha mpaka mbele kabisa. Akakaa pale kwenye wilbaro yake, mtu wa kwanza katika laini ya kunitoa.

Nikatafuta laini zingine. Ya Kufuli ilikuwa na watu kama arobaini, wapenzi wake wa mpira. Ya Mburu thelathini hivi, walevi wake. Ya Zainabu ilikuwa na ndugu zake wanne waliotoka Thika, na nyuma yao mtu mmoja peke yake, mkoba umeshikwa na mikono miwili. Mama Njeri. Katika watu wangu wote ni yeye tu aliyesikiliza maagizo. Watu walikuwa wanampita wakimtupia maneno kwamba hata mzee wa nyumba yake amemwacha, na yeye hakusogea.

"Baba Njeri," Zainabu akasema kutoka pale kwenye moto, "wewe unapendwa."

Mwalimu akajaribu. Akashika kipaza sauti akawaeleza polepole kwamba mwenye laini ndefu ndiye anayetoka, kwa hivyo wanaotaka Mzee Njoroge abaki wahame. Halafu mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akajibu kutoka kwenye laini yangu, na yeye hakuhitaji kipaza sauti.

"Mwalimu, hayo tuliyaona themanini na nane. Tulikuwa laini ndefu, jioni tukaambiwa fupi ndiyo imeshinda. Leo hatuhami."

Basi. Yule mzee alipomaliza, hata wale waliokuwa wameanza kunielewa wakarudi wakashikana viuno. Wengine kutoka kwa Kufuli na Mburu wakaja kujiunga na laini yangu kwa sababu ya haki. Mwalimu akaitwa mwizi. Mtu mzima, mwalimu mkuu, anaitwa mwizi wa kura kwa sababu ya sheria niliyomlazimisha mimi, na watu wameanza kumzunguka. Niliona anarudi nyuma kuelekea ukingoni.

Nikakimbilia ngazi. Nilitaka kufika mahali wanaponisikia tu, niwaambie Mwalimu hajakosea, wahamie laini ya Zainabu mambo yaishe. Nilipofika katikati nikakumbuka ile sheria ya ngazi. Nikasimama. Nikaanza kurudisha mguu chini, ule usio na suruali, na hapo Kimani akaniona. Yeye aliona mshindi anapanda kuja kwa watu wake na amechoka. Wakashuka watatu wakanishika makwapa.

"Nirudisheni shimoni," nikamwambia Kimani. "Kimani, nakuomba, nirudishe."

"Mdosi, usiogope," akasema. "Leo hakuna mtu atakuibia."

Nikatolewa juu nikawekwa mabegani. Mengine mnayajua. Tulipitia barabara yote mpaka sokoni, kwaya mbele, mama kwenye wilbaro, picha yangu ya suti inatembea kando yangu, na mimi wa kweli juu na goti moja nje, watu wanaotoka madukani wananiangalia wanaangalia picha. Nilijaribu kueleza mara tatu hivi. Kila nikifungua mdomo walidhani ni hotuba, wakapiga makofi.

Jioni nilivaa suruali nzima nikaenda kwa Mwalimu Gachanja. Nilimwomba msamaha kwanza, kwa lile la kuitwa mwizi. Kisha nikamwuliza kama kuna njia yoyote. Alikuwa na daftari mezani, akalifungua kwenye ukurasa wenye sahihi zetu, akalisukuma upande wangu.

"Kwa laini umetoka," akasema. "Kwa ngazi pia umetoka. Nikutafutie njia ya tatu?"

Kura zilizobaki walipiga kwa karatasi, na Jumanne Zainabu akapanda ngazi peke yake, amejifunga leso yake isiyo na pindo, anaongea tangu chini mpaka juu. Mabati yalipatikana na yakabaki ya kuezekea hata jiko la walimu, kwa sababu baada ya Jumapili ile watu walikuja kutoka mbali kuona shimo lililomtoa Njoroge. Mlango wa darasa nilitengeneza mimi, bure, chuma kizito. Herufi pia nilizikata mimi, nikazichomelea juu yake moja moja: ZAINABU. Mama Njeri alinisimamia nyuma nikizipanga, akaniambia ya tatu imelala kidogo, nikainyoosha.

Mpaka leo nikipita mjini watu hunisimamisha, wazee sasa, wananishika mkono wakiniambia, sisi tulikupigia, mzee, wakubwa ndio walikunyima. Nasema asante. Nimejaribu kuwaeleza nikachoka. Mara mbili wamekuja nyumbani na soda na mkate kunishawishi nigombee udiwani, wanasema mtu aliyepata laini kama ile hawezi kushindwa, na hapo hawaongopi, hakuna aliyewahi kupata laini kama ile hapa Ruiru, kabla wala baada. Nimekataa mara zote mbili. Nimewaambia mtu mwingine agombee, masanduku ya kura nitawatengenezea mimi, ya chuma kizuri, na funguo zote wakae nazo wao.